Marehemu Kapitisha Kazi Yangu

Jamani, naandika nikiwa sijalala. Nikikosea herufi mnivumilie...

"Huyu aliyepitisha kazi yako leo asubuhi ni nani?"

Aliyeuliza ni mkurugenzi wa kampuni ya maduka ya dawa. Mama mmoja mkavu, amesimama ukutani, projekta inammulika begani, kidole kimegusa jina.

Nikalisoma.

Lilikuwa jina la kaka yangu... na kaka yangu tulimzika mwaka jana.

Twendeni taratibu.

Kaka ndiye aliyeanzisha programu ya kutunza stoku ya dawa na kupiga hesabu za dozi. Ni programu huria: hulipii, unaona ilivyoundwa ndani, ukiweza kuirekebisha unairekebisha. Tunaoijenga ni watu wa kujitolea. Alipokuwa hai tulikuwa kitu kimoja. Alipofariki tukagawanyika, upande wangu na upande wa jamaa tunayemwita Kobe, maana hana haraka na jambo lolote.

Matusi ya kwenye group letu, msiombe kuyasoma.

Wafanyabiashara wakatukimbia. Programu wanaipenda, ila wakituuliza ikiharibika wateja wamejaa wampigie nani, sisi tunataja watu wetu, wenzetu wanataja wa kwao. Nani akupe duka lake ulichezee?

Kampuni hii ilikuwa tumaini la mwisho. Mkurugenzi alisema njooni pamoja mseme neno moja, la sivyo ananunua ya kulipia. Nikameza kiburi, nikamwomba Kobe. Akaja. Tukakaa kiti kwa kiti, salamu yenyewe ya kulazimishana.

Sasa mjue kanuni yetu. Hakuna rekebisho linaloingia mpaka mtu mwingine alisome na kulipitisha. Likipita, inatokea alama ya kijani. Na sisi kwa uvivu wetu tulikuwa tunaangalia kijani tu, jina la aliyepitisha hatuna habari nalo.

"Ni marehemu," nikajibu. Sauti ilitoka kama ya mtoto.

Mkurugenzi akazima projekta.

"Dada, dawa za watu siwezi kuziweka mikononi mwa marehemu. Tokeni mkazungumze. Mkirudi nataka ukweli."

Korido ilikuwa baridi, inanuka sabuni ya sakafu. Nilihisi kaka yuko nyuma yangu, kweli tena, mpaka nikageuka kuangalia. Hakuna mtu. Nikampigia wifi, mjane wake.

"Wifi, kompyuta ya kaka iko wapi?"

"Nilimpa mtu. Na paswedi yake."

"Mtu gani?"

"Muulize huyo uliyekwenda naye."

"Umempa Kobe? Adui yangu?"

"Adui yako anakuja kila Jumapili kukaa na watoto. Wewe tangu mazishi unanitumia vikatuni vya kulia kwenye simu."

Nikakata. Nikamgeukia Kobe.

Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Ningepitisha kwa jina langu, watu wako wangekataa," akasema. "Na wangu wangeniita msaliti. Jina la kaka yako hakuna aliyelibishia."

"Kwa hiyo kazi zangu..."

"Nimezisoma zote. Ile ya dozi za watoto niliirudisha. Ulikosea hesabu ya uzito, dada. Ungeua mtu."

Niliikumbuka. Ilirudi na maelezo ya upole, nikairekebisha, wala sikuuliza nani kairudisha.

Tukaingia ndani tukasema yote, bila kuficha. Mkurugenzi akasikiliza mpaka mwisho.

"Ifungeni hiyo akaunti. Hapa hapa, nikiona."

Kwetu akaunti ya kiongozi haifungwi mpaka viongozi wengine wawili wakubali. Kobe akabonyeza. Mimi kidole kiligoma. Nililia mbele ya watu wa suti, sina hata kitambaa. Kaka alipokata roho hospitalini sikuwepo. Safari hii nilikuwepo, na mimi ndiye niliyetakiwa kumwachia.

Nikabonyeza.

Jina likafifia. Rekebisho la asubuhi likabaki halina aliyelipitisha.

Kobe akafungua kompyuta yake, akalisoma upya mstari kwa mstari, sote tunasubiri. Halafu akalipitisha. Kwa jina lake.

"Tutaanza na duka moja," mkurugenzi akasema. "Mkigombana tena, nawaondoa."

Group limerudi kuwa moja, ingawa wapo wanaomwita Kobe mwizi wa jina, na siwezi kusema wamekosea. Wapendwa, mkishindwa kuaminiana mkiwa hai, mtamtwisha kazi marehemu.

Ila kuna jambo linaninyima usingizi. Muda wote ule nilisahihishwa na mtu niliyemchukia, nikatii kwa sababu aliandika kwa jina la mtu niliyempenda. Angeniambia yeye mwenyewe kuhusu ile dozi, ningemtukana... na ile hesabu mbovu ingeingia dukani vile vile.