Nilimwita Mama Yangu Kibarua Mbele ya Kamera

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka ishirini na minne, ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Morogoro. Nilimkana mama yangu mzazi kwa ajili ya watu ambao sijawahi hata kushikana nao mikono. Najua wengi mtanilaani. Nilaanini tu, nimezoea.

Mwaka jana chuo chetu kilianza masomo ya pamoja na chuo kimoja cha Ulaya. Hakuna kupanda ndege. Mnakutana kwenye kompyuta au simu, mnagawanywa kwenye vikundi, mnafanya kazi moja, na mwisho kila mtu anapata cheti. Somo letu lilikuwa biashara ya mazao. Mimi nilipangwa na msichana aitwaye Lotte.

Siku ya kujitambulisha, Lotte alisema baba yake ni daktari na nyumbani kwao wanafuga farasi wa kupanda tu, kwa raha zao. Zamu yangu ikafika... Nikasema sisi tuna mashamba makubwa ya viungo milimani, na vibarua wa kutosha. Nani alinituma? Hakuna aliyeniuliza habari za utajiri! Lakini ulimi hauna mfupa, na wangu ulikuwa umeshasikia habari za farasi.

Ukweli ni kwamba kwetu ni Kinole, na shamba lenyewe ni kipande cha mteremko alichorithi mama kwa ukoo wake, maana kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Baba alituacha zamani. Mama alilima, akabeba tenga kichwani, akauza mdalasini na machungwa. Bando nililotumia kujifanya tajiri lilitoka kwenye machungwa hayo.

Likizo ilipofika masomo hayakusimama. Nikaiegemeza simu barazani, migomba imependeza nyuma yangu. Pembeni alikaa Mwanaidi, jirani yetu, akimsaidia mama kubandua magome ya mdalasini. Tunalingana umri, na ni mtani wa ukoo wetu. Kidato cha nne alinishinda Kiingereza, ila ada ndiyo iliyomrudisha shambani.

Mama akatokea na tenga la machungwa kichwani, tope mpaka magotini. Aliposikia sauti ya mgeni akatua mzigo, akafuta mikono kwenye kanga, akaja kusimama nyuma yangu na kupunga mkono.

Lotte akauliza huyo ni nani.

Nikajibu kwa Kiingereza kwamba ni kibarua wetu, amsamehe, hajui mahali pake pa kusimama.

Lotte akampungia naye. Akasema tenga lile linaonekana zito, nimwambie apumzike. Mama, uso umemchangamka, akaniuliza, "Anasemaje rafiki yako?" Nikamwambia anasema kwao kuna baridi. Mama akacheka, akaenda zake. Mwanaidi aliinua macho akanitazama, kisha akaendelea na magome yake.

Nilirudi chuoni. Siku chache baadaye nikampigia mama simu, akaipokea hivi: "Shikamoo, bosi." Nilicheka sana. Mama alikuwa mtu wa masihara, nikadhani ni yale yale... Jamani, mama mzazi akuamkie shikamoo, nawe ucheke?

Likizo nyingine ikaja wakati wa masika. Sasa mama akawa ananiuliza darasa langu linaanza saa ngapi. Nikimtajia, anachukua jembe anakwenda shambani mpaka nimalize. Sikumwuliza kwa nini. Niseme kweli? Nilifurahi. Niliona amejifunza.

Kinole mvua ikiamua kunyesha haibembelezwi. Alasiri moja ilishuka, bati likapiga kelele mpaka Lotte akaniuliza kama niko salama. Nilikuwa salama, ndani, nakunywa chai ya tangawizi aliyonichemshia mama. Yeye alikuwa chini ya migomba. Aliporudi, darasa limekwisha, alikuwa amelowa chapachapa, meno yanagongana. Akachungulia kwanza mlangoni kabla ya kuingia. Nikamwambia, "Mama nawe, si ungerudi tu?" Akanijibu, "Nilisubiri umalize."

Homa ilimshika wiki hiyo hiyo. Kikafuata kikohozi. Tukamteremsha mjini hospitali, wakasema ni mapafu. Hakurudi Kinole akiwa hai.

Kwetu mtani ana ruhusa yake msibani. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo na maneno yake, anawachekesha wafiwa, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Ukitaka anyamaze unampa chochote kitu. Siku ya kuanua matanga Mwanaidi alitoka ndani amejifunga kanga ya mama, tenga kichwani. Alitembea kama mama hasa! Wanawake walicheka huku wanalia, hata mimi.

Akafika mlangoni, akachungulia. "Shikamoo, bosi. Wazungu wameshaondoka? Kibarua wako nimelowa, naweza kuingia?"

Wengine waliendelea kucheka. Mama mdogo, mdogo wake marehemu, akauliza bosi ni nani. Mwanaidi akaninyooshea kidole, akaeleza yote kwa sauti ile ile ya mama, neno kwa neno. Kicheko kikakatika. Nikatoa noti, nikampa ili anyamaze. Aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Asante, bosi. Leo umenilipa."

Nilimchukia Mwanaidi kuliko kifo chenyewe. Nikamfuata nyuma ya nyumba, nikamwuliza kwa nini alimwambia mama. Alikuwa ameshavua kanga, analia. Akasema mama mwenyewe ndiye aliyemwuliza jioni ile nilimwambia nini mzungu, naye akashindwa kumdanganya mtu mzima.

"Akasemaje?"

"Akasema nisikwambie kama amejua. Usije ukakosa raha ukafeli masomo."

Sikufeli. Mjomba, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, amesema shamba watalima watoto wa mama mdogo, kwa sababu mtu harithi kwa kibarua wake.

Na bado sikukoma. Kwenye kipindi cha mwisho niliwaambia nimefiwa, na darasa zima, huku na Ulaya, lilinyamaza dakika moja kwa ajili ya mama. Kisha Lotte akasema kwa huruma kwamba yule mama kibarua bila shaka ameumia kwa kufiwa na bosi wake, nimpe pole. Mlango ulikuwa wazi kabisa... Nilichotakiwa kusema ni sentensi moja tu. Nikasema nitamfikishia.

Nitamfikishia! Mtu gani mimi?

Wanafunzi wenzangu, masomo haya ni mazuri, sikatai, na Lotte hana kosa lolote. Nilichoharibu nilikiharibu mwenyewe, kwa kuwaonea haya walionilea mbele ya watu wasionidai kitu. Nakuombeni, siku utakapowasha kamera na mama akapita nyuma yako na tope lake, mwite. Mkalishe mbele, mtaje jina. Mama yangu aliitwa Mwajuma. Lotte hajui mpaka leo.