Taa Nyeupe ya Nyuma

Siku hiyo jua lilikuwa la kawaida, na Dobi alikuwa kainama juu ya sanduku la taa za baiskeli kwa Fundi Spoki kama mtu anayechagua nyanya. Anachukua hii, anaiwasha, anaifunika kwa kiganja aone inawakaje gizani, anairudisha. Wifi yake kasimama pembeni, mikono kifuani, mdomo kaubinua. Walikuja pamoja kwa sababu hakuna aliyemwamini mwenzake na ile baiskeli.

Ile baiskeli ndiyo iliyokuwa kidonda cha ukoo wetu. Ilikuwa ya mume wa Dobi. Alfajiri moja, akitoka kazini, lori lilimgonga kwa nyuma kwenye kona ya kiwanda cha mbao. Yeye akafia pale pale. Baiskeli ikapinda usukani tu. Msiba haujapoa, wifi mtu akaanza: baiskeli ni ya kaka yangu, aliinunua kabla hajakujua wewe, itupwe, chuma kilichoonja damu hakikai nyumbani. Dobi naye si mtu wa kumezwa bila maji. Akamjibu mbele za watu, "Kaka yako kaniachia na mtoto pia. Huyo naye nimtupe?"

Lakini vikombe vya kabati moja hata vikigongana, kabati ni hilo hilo. Dobi alikuwa anafua mashuka ya hospitali, na mashuka ya hospitali hufuliwa usiku ili wagonjwa wayakute asubuhi. Magari ya abiria jioni hayapo tena njia ile. Bila baiskeli hana kazi, na bila wifi hana wa kulala na mtoto. Mtoto mwenyewe binti mdogo, tukimwita Kiroboto kwa vile hakai pahala akatulia. Basi wifi alikuja kila jioni, akanuna, akapika, akalala.

"Shemeji," Fundi Spoki akasema, "mbele nyeupe, nyuma nyekundu. Hapo hakuna kuchagua. Unachochagua ni ukubwa, na iwe ya kuwaka moja kwa moja au ya kukonyeza."

"Nipe nyeupe mbili."

"Ya pili ya nini?"

"Ya nyuma."

Fundi akacheka. "Unataka nyuma kuwe mbele?"

"Mume wangu alikuwa na nyekundu nyuma," Dobi akasema. "Ilikuwa inawaka. Walipomwokota ilikuwa bado inawaka kwenye majani. Ilimsaidia nini?"

Kicheko kikamkauka Fundi. Akafuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Sikiliza, shemeji. Nyekundu inamwambia aliye nyuma yako, naondoka. Nyeupe inamwambia, naja. Sasa wewe utakuwa unamwambia naja mtu ambaye humwendei."

"Mradi anione."

"Mwache," wifi akadakia. "Sikio la kufa halisikii dawa."

Fundi akaifunga. Tena Dobi alichagua ile kali kuliko zote, ukiitazama unabaki na doa jeupe machoni.

Usiku wa kwanza alifurahi. Magari yote yalipunguza mwendo nyuma yake. Dereva mmoja wa lori alimpita polepole, akatoa kichwa dirishani.

"We mama! Hivi unakuja au unakwenda?"

Dobi akacheka peke yake njia nzima. Akasema moyoni, angalau huyu kaniona.

Pale kwenye kona ya kiwanda cha mbao pana mteremko. Ukifika unaacha kukanyaga pedali, baiskeli inajiendea yenyewe, na gurudumu la nyuma linalia tik-tik-tik. Kila mwenye baiskeli anaujua mlio huo. Ukikanyaga tena, unanyamaza.

Usiku mmoja Dobi aliteremka, mlio ukalia, akamaliza mteremko, akakanyaga.

Mlio haukunyamaza.

Akatazama chini, miguu yake inazunguka, mnyororo unavuta. Na bado tik-tik-tik, taratibu, nyuma yake. Akageuza shingo. Ile taa yake ilikuwa imemwaga mwanga barabarani mpaka kwenye magogo, peupe kama mchana. Mwanga ulipoishia, pembeni kabisa, alisimama mtu. Mkono mmoja kauinua kukinga macho, kama unavyofanya ukimulikwa na mgeni anayekuja kwako.

Dobi hakutazama mara ya pili. Alifua mashuka mpaka kunakucha na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Wifi? Wifi angesema, si nilikwambia.

Wifi ndiye aliyeanza, asubuhi nyingine, akimwaga maji ya vyombo kwa hasira.

"Huyo mwanao ataniua kwa baridi. Kila usiku ukiondoka, anafungua mlango."

"Anafungua kwa nini?"

"Muulize mwenyewe."

Kiroboto alikuwa anaruka kamba uani. Akasema bila kusimama, "Si nakuona unarudi. Nikikaa dirishani naona taa nyeupe, najua mama anakuja. Nafungua, halafu hufiki."

Dobi akacheka, akaeleza: hiyo ni taa ya nyuma, mama hapo ndiyo anaondoka. Hata wifi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mtoto akaendelea kuruka.

"Lakini jana ulikuja kweli," akasema. "Usiku sana, shangazi anakoroma. Taa ikaja mpaka kwenye mti wa jirani. Ikasimama. Nikakupungia."

Kamba ikagonga ardhi. Dobi na wifi yake wakatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu msiba hapakuwa na ugomvi machoni mwao. Usiku ule Dobi alikuwa kazini, mikono kwenye sabuni.

"Ilitokea upande gani?" wifi akauliza kwa sauti ya chini.

Mtoto akanyoosha kidole. Kule kwenye kiwanda cha mbao.

Baadaye, jikoni, wifi alinong'ona, "Ni kaka yangu. Hawezi kumdhuru mwanawe. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Likakwisha, wifi," Dobi akamwambia. "Haijasemwa halikuli. Na mimi nina huyu mmoja tu."

Mchana ule ule alikwenda kwa Fundi. Hakuchagua kitu. Akasema nyekundu, yoyote, sasa hivi. Fundi akaifungua ile nyeupe, akafunga nyekundu, akaijaribu, ikakonyeza vizuri.

"Haya. Sasa unaondoka kama watu wengine."

Dobi akainama karibu yake. "Na yule aliyekwisha ambiwa naja?"

Fundi akaendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imekwisha kazwa.

Jioni Dobi alitaka asiende. Lakini mwezi ule alikwisha onywa kwa kuchelewa, na kulikuwa na wenzake wawili mlangoni pa hospitali wanaiomba kazi yake. Wifi akamsukuma. "Nenda. Nitatia komeo. Nitaweka kiti mlangoni, nami nikae juu yake. Mimi na makalio haya, nani atanisogeza?"

Akaenda.

Barabara ilikuwa tupu. Ile nyekundu ilikuwa inakonyeza nyuma yake, haimuliki kitu. Alijiambia afadhali, asichokiona hakimwoni. Akakaribia kona.

Mbele yake kukatokea taa.

Nyeupe. Moja. Kimo cha baiskeli. Inakuja taratibu upande wa pili wa barabara. Dobi akajivuta pembeni. Mtu na safari yake, akajiambia. Mtu na safari yake. Hapakuwa na kengele wala salamu wala pumzi ya mtu anayepanda mlima. Na aliyekuja alikuwa anapanda mlima.

Tik-tik-tik.

Hakuna baiskeli inayolia hivyo ikipanda.

Ikampita. Baridi ikamgusa shavu la upande ule. Doa jeupe likambaki machoni, asione nani, asione nini. Akafunga breki, akageuka.

Na nyuma pia ilikuwa nyeupe.

Akasimama pale, mguu mmoja chini, akiitazama. Hakujua kama inaondoka au inamrudia. Ilikuwa taa tu, gizani. Ndipo akaona inapungua. Ilikuwa inakwenda. Na upande ule hakuna nyumba nyingine yenye mtoto dirishani.

Akageuza baiskeli, akakanyaga.

Alikanyaga mpaka kifua kikawaka moto. Taa ile haikukimbia wala haikumngoja. Mara anaiona karibu, akidhani inamjia usoni, anaufunga mdomo asipige kelele. Mara ni nukta. Akaita jina la mumewe. Halafu akajuta kuliita. Taa ikasita. Ikaendelea.

Kwenye mti wa jirani haikusimama.

Aliiona inaingia uani kwake. Aliona dirisha lake linang'aa. Aliona kivuli cha kichwa kidogo kinaondoka dirishani, mbio, kuelekea mlangoni.

"Usifungue!" akapiga kelele. "Si mimi! Usifungue!"

Mwanga ukazimika.

Alipofika aliitupa baiskeli chini. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Kile kiti hakikuwa mlangoni. Kilikuwa kimesogezwa mpaka ukutani, vizuri, bila mkwaruzo sakafuni. Wifi yake alikuwa juu yake, kichwa begani, amelala usingizi wa mtoto mchanga. Dobi akamtikisa. Hakuamka.

Sakafuni palikuwa na alama ya tairi. Mbichi, yenye matope na unga wa mbao. Ilivuka kizingiti. Ikapita mbele ya miguu ya wifi. Ikaingia chumbani.

Dobi akaingia.

Kiroboto alikuwa kitandani, kajibana ukutani, kajifunika mpaka kidevuni. Huyu asiyekaa akatulia alikuwa ametulia. Macho wazi. Akaweka kidole mdomoni.

"Polepole, mama," akanong'ona. "Ndiyo kwanza amelala."

Dobi akamnyakua mtoto na shuka lake, akatoka naye nje, akakaa uani amempakata mpaka jua likatoka. Mtoto alikuwa mzima. Hana jeraha, hana homa. Kulipokucha wifi aliamka mwenyewe akiuliza kwa nini mlango uko wazi, na majirani wakaingia kutazama. Wote waliiona ile alama. Walifuata ilivyoingia, wakazunguka nyumba, wakapekua uani, barabarani, nyuma ya choo. Ya kuingia ilikuwepo. Ya kutoka hawakuipata.

Na hapo ndipo ukoo wetu ulipopasuka kabisa. Dobi anasema wifi alitoa komeo, alimkaribisha kaka yake. Wifi anaapa kwa kaburi la mama yake kwamba hakutoa komeo, na kwamba aliyemwita yule ni mtu na kichwa chake kigumu, pale kwa Fundi, mchana kweupe. Mpaka leo wakikutana msibani, mmoja akikaa mkeka huu, mwingine anahamia ule.

Dobi alihama nyumba ile. Kitanda alikichoma, godoro alilichoma. Akanunua jipya, na baadaye jingine, maana mtoto alikua. Kiroboto sasa ni mwanamke mzima, mwembamba kama fito, na hakuolewa. Waliokuja kuposa walikuja mara moja tu.

Nimewahi kumtandikia kitanda. Yeye hulala ukutani, kajibana, na upande ule godoro liko sawa. Lililobonyea ni upande wa nje, shimo refu la mtu mzito, kuanzia kwenye mto mpaka miguuni. Nikapitisha mkono kulainisha shuka.

Palikuwa na joto.