Kiu ya Chumba Namba Tatu

Jagi lilikuwa tupu. Ersilia alisimama nalo mlangoni mwa chumba namba tatu, akaligeuza juu chini, akachungulia ndani. Saa sita alilijaza kwa mkono wake mwenyewe, akatia majani mawili ya mnanaa, akalifunika kitambaa, akafunga mlango, na ufunguo ukashinda mfukoni mwa aproni yake. Mgeni wa chumba hicho alikuwa ameshaondoka asubuhi. Sasa ilikuwa saa kumi, na ndani ya jagi hamkuwa hata na unyevu. Majani ya mnanaa yalikuwa yamekauka yakawa kama tumbaku.

"Oronzo!" aliita kwenye ngazi. "Wewe ndiye unayekunywa maji ya wageni?"

"Maji ya wageni yana asali?" mumewe akajibu kutoka uani, alikokuwa akipaka rangi viti. "Mimi nina bomba langu huku."

Kesho yake hali ikawa ileile. Keshokutwa yake yakakauka na maua aliyoweka kando ya kitanda, maua aliyoyachuma siku hiyohiyo na umande juu yake. Na chumbani mkawa na harufu. Haikuwa harufu ya uozo. Ilikuwa kavu, ya kukwaruza koo, kama ya chokaa iliyochomwa ikachanganyika na godoro la mtu aliyelala muda mrefu bila kugeuzwa. Ersilia aliijua harufu ile. Alifungua dirisha upesi, akarudi nyuma hadi ukutani, akajikuta ameshika mdomo.

Maana kile kilikuwa chumba cha Bi Nunziata.

Nyumba ile, yenye baraza la mawe laini ya rangi ya asali, nyuma ya makanisa mawili ya Lecce, mji wa kusini mwa Italia, Ersilia na Oronzo waliinunua Bi Nunziata akiwa bado anaishi ndani yake. Wazee wengi wasio na watoto huuza hivyo. Mnunuzi hupata kwa bei nafuu, na mzee hubaki kwake mpaka afe. Wakati wa mkataba Bi Nunziata alikuwa na miaka themanini na sita na moyo mbovu, na daktari alimpa miaka miwili. Akaishi kumi na mmoja. Kila mwaka mpya walipompelekea keki, aliinua kikombe chake cha kahawa, akacheka kwa ufizi: "Bado nipo, wanangu!" Nao walicheka pamoja naye, kisha wakarudi kwenye vyumba viwili vya kupanga, ambako Ersilia alilala akimhesabia bibi wa watu pumzi.

Agosti ya mwaka uliopita, Ersilia alikwenda kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Bibi alikuwa hai, lakini Ersilia alikwenda kupima. Ilikuwa saa nane mchana, ile saa ya jua kali ambayo Lecce nzima hufunga madirisha ikalala, na ambayo wakongwe humkataza mtu kutembea, kwa sababu saa hiyo njia si zetu. Alikuwa juu ya ngazi ya mbao na futi ya fundi cherehani mkononi aliposikia kutoka chumbani:

"Maji."

Akanyoosha futi dirishani.

"Binti, maji."

Alisema moyoni, nikimaliza dirisha hili. Akapima dirisha. Akapima na la pili, ambalo tayari alikuwa amelipima. Sauti ikaja mara ya tatu, nyembamba, kama uzi unaovutwa tunduni. Ersilia akashuka ngazi za nyuma, viatu mkononi, akafunga mlango bila kutoa sauti. Oronzo ndiye aliyemkuta bibi kesho yake. Aliambiwa, na akaamini, kwamba mzee alikufa usingizini.

Masika yaliyofuata wakafungua nyumba ya wageni. Vyumba vitano, na namba tatu ndicho kilichokuwa bora kuliko vyote.

Baada ya jambo la jagi, Ersilia alikifunga chumba kile. Aliwaambia wageni bomba limepasuka. Lakini alichokifungia hakikukaa.

Kilimwendea Oronzo.

Oronzo alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kulala kila mchana baada ya chakula huku akikoroma hadi paka wakahama. Akaanza kuamka na midomo iliyopasuka. "Leo nimeota nalamba ukuta," alisema siku ya kwanza, akacheka, akanywa chupa nzima bila kupumua. Baada ya wiki, chupa zikawa tano. Pete ya ndoa ikadondoka yenyewe kwenye sahani. Ukimfinya ngozi ya mkono, ile ngozi ilibaki imesimama kama karatasi iliyokunjwa. Hospitali walimpima sukari, figo, damu, wakakosa jina la kuuita ugonjwa wake.

"Unanificha kitu?" alimuuliza mkewe, ulimi wake ukigonga meno kama kipande cha ubao. "Wameniandikia kufa?"

"Nyamaza, mume wangu. Ni joto tu."

Siku hiyo Ersilia hakulala. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda chao, chini kule, madirisha yamefungwa, mistari ya jua ikipita katika mbao na kulala juu ya shuka. Kengele ikapiga saa nane. Nje hakuna gari, hakuna ndege, hakuna mtoto. Kisha juu, nyuma ya mlango aliokuwa na ufunguo wake, ikasemwa: "Maji."

Alitaka kuinuka, asiinuke. Alisikia ngazi zikishukwa, si kwa miguu bali kwa kitu kilichokuwa kikiburutwa daraja baada ya daraja kama gunia la mchanga lililotoboka, na ile harufu kavu ikatangulia mbele yake ikapita chini ya mlango ikamjaa puani, kisha mlango bila kufunguka ukawa kama umefunguka, na godoro upande wa Oronzo likabonyea, likabonyea tena karibu zaidi, na kifua cha mumewe kikazama kwa uzito wa kitu ambacho Ersilia hakukiona, na mdomo wake Oronzo, naye amelala fofofo, ukafunguka wenyewe polepole kama unaofunguliwa kwa vidole viwili, na ndipo akasikia kufyonza, kufyonza kwa adabu, kwa utulivu, kama kwa mtu aliyekaa mezani kwake na asiyekimbizwa na yeyote, hadi ile sauti ya mwisho ya kikombe kinapokwisha.

Kisha kikatulia. Na Ersilia akajua, bila kuona macho, kwamba sasa kinamtazama yeye.

Kesho yake Ersilia alimwendea Bi Uccia, aliyeishi kijiji cha pili kutoka mjini, nyumba ya chini yenye mlango wa shanga. Watu walimwendea kwa jicho baya, kwa minyoo ya watoto, kwa waume waliopotea. Alimimina maji katika sahani ya supu, akadondosha tone la mafuta ya zeituni, akakunja mikono kusubiri lisambae.

Halikusambaa. Maji yalipungua. Yalipungua huku wakiyatazama wote wawili, hadi tone la mafuta likabaki limekaa juu ya udongo mkavu wa sahani.

Bi Uccia alijiondoa mezani. "Nani alikuomba maji ukamnyima?"

"Hakuna."

"Basi nenda nyumbani kwako."

Ersilia akaangua kilio, akasema yote. Mwanamke yule alisikiliza bila kumpa hata leso.

"Sasa anatulipiza," Ersilia alimalizia. "Bi Nunziata anatulipiza."

"Mwache marehemu. Marehemu amekwenda zake, tena amekwenda na kiu yake. Huyo ni mwingine. Watu wa huku watakwambia ni lauro, yule jini mtundu wa kukalia watu kifuani na kusuka mikia ya farasi. Laiti angekuwa yeye! Lauro anacheza. Huyu hachezi." Akashusha sauti. "Bibi aliita mara tatu, tena saa ile mbaya. Binadamu hakuitika. Kikaitika kingine. Kikaja, kikakuta sauti haina mwenyewe, kikaivaa."

"Kitoe, Bi Uccia. Nakuomba."

"Hakitolewi. Kinahama. Mtu akikisikia kinaomba, akakipa maji kwa mkono wake, kwa huruma, kinaondoka na mtu huyo kama paka aliyelishwa. Kitamfuata kokote na kitamnywa hadi mwisho. Dawa unayo wewe mwenyewe mkononi. Ni glasi moja tu."

"Nikimpa mimi..."

"Mumeo anapona."

"Na mimi?"

Bi Uccia alichukua sahani akaitupa nje ya dirisha, ikavunjikia uani. "Hilo swali," alisema, "ungejiuliza ukiwa juu ya ngazi."

Siku nne mfululizo, saa nane, Ersilia alisimama nje ya chumba namba tatu na glasi ya maji. Alikisikia kinaomba. Siku nne mkono wake haukufika kitasani. Siku ya nne alirudi chini, akayanywa yale maji yeye.

Ndipo akaja Fiorenza.

Alikuwa mwalimu kutoka Ferrara, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, nywele fupi zilizoanza kuota upya baada ya ugonjwa uliompeleka ukingoni na kumrudisha. Ilikuwa safari yake ya kwanza tangu apone. Alikuja kwa sherehe ya mtakatifu wa mji, Ersilia akampa chumba namba nne. Kila kitu kilimfurahisha: kahawa ya barafu yenye maziwa ya lozi, mashine ya kufulia inayoruka kama mbuzi, hata kelele za kengele.

"Dada Ersilia, usiniandalie kama malkia," alisema asubuhi ya pili, ameshavua saa yake na kuzamisha mikono katika sinki la vyombo. "Miezi minane nimehudumiwa kila kitu. Niache nisugue sufuria nijisikie mtu."

Alikaa na Oronzo uani akamsomea gazeti. Alimlowanisha midomo kwa pamba. Oronzo, ambaye sasa alikuwa mifupa ndani ya pajama, alimwambia, "Mwalimu, ukinisahihisha leo utanipa alama ngapi?"

"Sita juu ya kumi, Bwana Oronzo. Umeshinda kwa tabia tu."

Akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza baada ya wiki tatu, na kilimpasua mdomo ukatoka damu.

Jumamosi daktari alimvuta Ersilia pembeni. Alimwambia wampeleke Oronzo hospitali Jumatatu, ingawa, kwa kumtazama, asingependa kuahidi kwamba atafika Jumatatu.

Jumapili mchana Ersilia alikuwa jikoni akikanda unga. Hapakuwa na haja ya mkate. Alikanda tu mikono ipate kazi. Kengele ilipiga saa nane. Aliposikia hatua kwenye ngazi aliacha kukanda, lakini zilikuwa hatua za mtu. Fiorenza alichungulia mlangoni, miguu mitupu, uso umejaa alama za mto.

"Samahani, dada," alinong'ona. "Kuna mtu anaita kule juu. Chumba cha jirani yangu. Bibi mzee, nadhani. Anaomba maji, maskini, sauti haimtoki."

Ersilia hakuinua uso. Aliutazama unga. Kulikuwa na kitambo kirefu cha kusema: ni bomba. Cha kusema: rudi ulale, mwanangu, ni redio ya jirani. Cha kusema: fungasha, ukimbie, treni ya saa kumi bado ipo. Ng'ambo ya ukuta Oronzo alikohoa kikohozi kikavu, kisicho na kitu ndani.

"Ni mama mkwe wangu," Ersilia akasema. "Mgonjwa. Mpelekee wewe, tafadhali. Mimi mikono yangu ina unga."

"Sawa, tena kwa furaha."

"Ufunguo uko mfukoni mwa aproni. Uchukue."

Fiorenza alikuja karibu, akaingiza mkono mfukoni mwake, na katika kufanya hivyo akamgusa bega kidogo, kama dada. Akafungua bomba, akaacha maji yatiririke hadi yawe baridi, akajaza glasi, akaifuta nje kwa kitambaa ili isimtelezee mgonjwa. Alipanda. Ersilia alisikia ufunguo ukizunguka. Akasikia sauti ya Fiorenza, ya upole ile waitumiayo walimu kwa mtoto anayelia: "Hujambo, bibi. Nimekuja. Kunywa taratibu."

Kisha sauti ya kufyonza.

Alishuka baada ya muda, glasi tupu mkononi. "Kuna giza mno mle," alisema. "Sikumwona vizuri. Lakini alinishika mkono, dada, alinishika kwa nguvu, hakutaka kuniachia." Alijigusa koo. "Ajabu. Na mimi nimeshikwa na kiu."

Aliondoka kesho yake kwa treni ya asubuhi, chupa mbili za maji kwenye mkoba. Alimkumbatia Ersilia mara mbili. Harufu ile kavu ilitoka naye mlangoni, ikavuka barabara naye, ikakunja kona.

Jumatano Oronzo aliomba supu. Ijumaa aliomba nyama.

Kufikia katikati ya Septemba alikuwa amerudi kwenye rangi yake, anawatania wageni, anakoroma. Chumba namba tatu kilipangishwa kila siku, na jagi lilibaki limejaa. Mchana mmoja, Ersilia akiwa anapakua maharage na mboga chungu za kuchemsha, simu ya jikoni ikalia. Oronzo akaipokea, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Alisikiliza. Alisikiliza muda mrefu, na tabasamu lake la kupokelea wageni likaondoka usoni kidogo kidogo. Mwishowe akaziba simu kwa kiganja.

"Ni dada yake mwalimu," alisema polepole. "Wamemfunga kitandani. Alikuwa ananywa maji ya vyombo vya maua, ya betri, ya popote. Amebaki kilo thelathini na moja. Madaktari hawaelewi." Akabana kiganja zaidi. "Anauliza kama kwetu kulikuwa na ugonjwa. Mwalimu anarudia neno moja tu, kwamba alimpa maji mama yangu."

Ersilia hakuacha kupakua.

"Mama yangu alikufa nikiwa jeshini, Ersilia."

"Najua."

"Ulimwambia..."

"Daktari hakukuahidi Jumatatu," alisema mkewe. Sasa alimtazama. "Ulitaka nifanye nini? Sema. Mwambie dada yake nilitakiwa kufanya nini. Simu unayo."

Kutoka kwenye simu, chini ya kiganja cha Oronzo, sauti ndogo ya mwanamke iliita: "Haloo? Bwana? Bado upo?"

Oronzo aliutazama mkono wake, ulioshika simu, mkono mnene wenye pete iliyokaza tena. Akaondoa kiganja.

"Dada, nadhani umekosea nyumba," alisema. "Hapa hatujawahi kuwa na mgonjwa."

Akarudisha simu mahali pake. Akavuta kiti, akakaa, akafunga kitambaa shingoni.

"Niongezee mafuta," alisema. "Chakula kinapoa."