Fundi Aliyepanua Suruali Zake

Ulimwona. Usiseme hukumwona. Kila asubuhi alisimama katikati ya ngazi, kashika ukuta, anahema, nawe ukampita ukitazama viatu vyako.

Ni fundi cherehani. Karakana yetu iko ghorofa ya tatu. Kwa miaka sita, suruali ikimbana, aliifumua kiunoni, akaongeza kitambaa, akavaa. Mwingine angeshtuka dukani, akinunua saizi kubwa. Yeye sindano ilikuwa mkononi mwake.

Mwishowe msimamizi akamwambia, "Ukishindwa ngazi, tafuta kazi ya chini." Chini hapakuwa na cherehani hata moja.

Nyumbani mkewe alimkuta anafumua tena.

"Baba watoto, utapanua mpaka lini? Kitambaa kitaisha, tumbo bado."

"Hii ni afya, mama watoto."

"Afya gani inayokoroma ukiwa macho?"

Akamwita jirani yao, muuguzi. Muuguzi akampima shinikizo la damu.

"Shemeji, limepanda. Lazima umwone daktari. Kazini unakwendaje?"

"Kwa basi. Vituo vinne tu."

"Na ile baiskeli ukutani?"

"Nilijaribu wiki moja. Magoti yakaniuma, nikaacha."

Muuguzi akaitazama, akacheka.

"Yataachaje kuuma? Kiti umekishusha kama kigoda! Kipandishe. Pedali ikifika chini, goti likunjike kidogo tu. Endesha polepole, uweze kuzungumza bila kukatika pumzi. Anza siku tatu kwa wiki, kisha ongeza."

"Nitapungua?"

"Ukipunguza na sahani. Baiskeli si ruhusa ya kula mara mbili. Na daktari akikupa dawa, usiziache."

Daktari alimpa dawa, akamruhusu kuendesha. Siku ya kwanza wenzake walipiga kelele dirishani: "Gunia limepata magurudumu!"

"Fungueni mlango," akajibu, "mzigo umefika."

Wiki ya tatu alikwenda kila siku. Mwezi wa tano alikuwa amepungua kilo nane, na shinikizo limeshuka. Asubuhi moja alipanda ghorofa zote tatu bila kusimama. Msimamizi alikuwa nyuma yake, hatua kwa hatua. Juu kabisa akasema, "Kaa kwenye cherehani yako." Basi. Hakuomba radhi.

Mimi sisahau. Kabla yake, ngazi ile iliwatoa kazini mpiga pasi na mshona vifungo. Tulisema, "Bahati yao mbaya," tukaendelea kushona.

Wewe unayesoma, inuka. Toa baiskeli nje, pandisha kiti, jaza upepo. Kisha mgongee mlango yule jirani anayehema, mwambie kesho mnakwenda kazini pamoja. Nenda sasa, kabla hajalala.