Sauti Chini ya Ngurumo ya Injini

Hedseti ya tatu ilikuwa ya moto. Si moto wa kuunguza, bali uvuguvugu wa kofia iliyotoka kichwani mwa mtu sasa hivi, na dukani hakukuwa na mteja mwingine.

"Uliianika juani?" daktari wa meno akauliza.

"Jua gani humu ndani, Daktari?" Muuzaji akacheka. "Taa yenyewe inawaka ikijisikia."

Duka lilikuwa chumba kimoja kando ya banda la ndege, linanuka mafuta na mpira. Daktari alikuwa na ndege yake ndogo ya viti vinne. Mungu alimjalia, naye akaipenda kupita kiasi. Kila mapumziko yuko angani, na ngurumo ya injini, miaka nenda miaka rudi, ilikuwa imeanza kumla masikio. Nyumbani aliongea kwa kelele kama mpiga mnada. Mkewe akimwita, haitiki. Mtaalamu wa masikio alimwambia bila kumung'unya maneno: nunua hedseti ya kuua kelele au acha kurusha ndege, maana ukiendelea hivi utakuja kuwaona watu wako wanachezesha midomo tu.

Kwa hiyo alichagua kwa makini. Muuzaji aliwasha spika yenye mngurumo wa injini kwa ajili ya majaribio. Hedseti ya kwanza ilikuwa ya kizamani, haina betri, inaziba masikio kwa kuyabana. Ilimkamata kichwa kama koleo lake la kung'olea magego. Ya pili ilikuwa mpya na nyepesi, yenye kifaa ndani kinachosikiliza kelele na kuifuta. Nzuri, ila mvumo ulibaki kwa mbali. Ya tatu, ile ya moto, ilikuwa ya mtumba. Alipobonyeza swichi, spika ikafa. Duka zima likafa. Hata pumzi zake mwenyewe hakuzisikia.

"Ilikuwa ya nani hii?" akauliza alipoivua.

"Ya rubani mmoja aliyeacha kuruka." Muuzaji akashusha sauti. "Alisema inafuta kupita kiasi. Mimi sikumwelewa. Nani analalamikia kimya?"

Sponji za hedseti zilinuka udongo uliolowa mvua. Moyo ulimwambia daktari aiache. Lakini alikuwa mtu wa kutaka kilicho bora kuliko cha wenzake, na mtu wa namna hiyo Shetani hapati shida kumshika mkono. Aliichukua ya tatu, na muuzaji akamtupia ile ya kizamani kama nyongeza ya abiria.

Safari ya kwanza hakusoma hata dua. Alikuwa na haraka ya kuonja kimya. Na kilikuwa kitamu, Mungu amsamehe. Aliporudi kutua, mnara wa uwanja ukaanza kumpa maagizo. Sheria ya marubani ni kwamba kila agizo unalirudia kwa mdomo wako, ili mnara ujue limefika. Shuka, akarudia. Geuka kushoto, akarudia. Mfuate aliye mbele, akarudia.

"Niko nyuma yako. Nipe masikio yako."

"Uko nyuma yangu. Nakupa masikio yangu," akarudia, kisha mkono ukamganda kwenye usukani.

Sauti ile ilikuwa ya chini, haina mkwaruzo wa redio. Akageuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, lakini mto wake ulikuwa umebonyea, kama umekaliwa na mtu mzima.

Nyumbani mambo yalianza kidogo kidogo. Friji iliacha kuvuma, akadhani imeharibika, kumbe ilikuwa inagandisha vizuri tu. Bomba la jikoni likamwaga maji bila mlio. Kisha binti yake mdogo akaanguka kibarazani na kulia mdomo wazi, machozi yakimtiririka, na daktari akasimama juu yake asisikie chochote, huku harufu ya udongo mbichi ikimpanda puani, na mkewe akija mbio, akimshika bega, akimtikisa, akisema na kusema na midomo yake ikienda bure kama ya samaki, mpaka ile sauti ya chini, bila hedseti yoyote kichwani, ikamnong'oneza sikioni: "Hao nimewafuta. Walikuwa wanakusumbua."

Mkewe hakungoja kesho. Alimburuta hadi kwa ustadhi wa mtaa. Maneno ya kawaida ya mzee huyo, daktari aliyasikia. Mzee alipoanza kusoma aya, daktari aliona ndevu zikitikisika tu.

"Huyo anayekunong'oneza alikuomba kitu, ukakubali?" ustadhi akauliza taratibu.

"Sikukubali, ustadhi. Nilirudia tu. Ndiyo kazi yetu, ukiambiwa unarudia."

"Mwanangu, yeye hajui kazi yenu. Alisikia mtu na akili zake akisema 'nakupa'."

Daktari akainamisha kichwa. "Nifanyeje sasa?"

"Rubani akipewa agizo asiloliweza, husemaje?"

"Husema 'siwezi'."

"Basi kaseme hukohuko angani, na hicho kidude kichwani. Na safari hii umtangulize Mungu."

Mkewe, ambaye ngazi ya kubadilishia taa ilimtia kizunguzungu, alipanda ndegeni bila kuombwa, akaivaa ile hedseti inayobana. Walipokuwa juu, sauti ilikuja imekasirika.

"Nani kakuletea huyu? Komeo la mlango wake nimelifungua. Inamisha ndege upande wake. Rudia."

Mdomo ulikuwa umeshafunguka kwa mazoea. "Ina..." Akajing'ata ulimi mpaka akaonja damu. "Siwezi."

"Mume wangu," sauti ikageuka, sasa ni ya mkewe, laini, ile ya siku za mwanzo za ndoa. "Inamisha kulia. Nakuomba. Rudia."

"Siwezi! Najikinga kwa Mungu, siwezi!"

Akaing'oa hedseti. Ngurumo ya injini ikamwingia kichwani kama mafuriko, na ndani ya ngurumo hiyo, mbichi, ya kukwaruza, akasikia kitu alichokuwa hajakisikia tangu mtoto aanguke: mkewe akipiga yowe.

"Mlango! Shika usukani wewe, mlango nimeushika mimi! Utatuua, mwanamume wewe!"

Daktari alitua akilia kwa shukrani.

Ustadhi aliichoma hedseti ile kwa mkono wake. "Masikio amekurudishia," alisema. "Lakini siku zote hizo alikaa nyumbani kwako akizisikiliza sauti za watu wako. Sijui kajifunza ngapi."

Ndege iliuzwa. Lakini mpaka leo, mkewe akimwita kutoka chumba kingine, daktari haitiki. Huinuka, huenda mpaka mlangoni, humtazama mdomo kwanza, ndipo ajibu. Watoto wamezoea, mkewe humtania kuwa kaoa televisheni. Mara nyingi anayeita ni mkewe kweli. Mara nyingine humkuta amejilaza kochini mchana, kinywa kimefumbwa, usingizi mzito, na sauti yake iko palepale juu yake inaita, "Mume wangu, niitikie," naye daktari husimama ameziba mdomo wake mwenyewe kwa viganja vyote viwili mpaka inyamaze.