Namba Mguuni mwa Kozi

"Picha imekataliwa," Mureithi, mkuu wake, alisema kwenye simu sikioni mwake. "Hakimu anasema namba haisomeki."

Roseline Ayuma alitazama saa. Saa nane u nusu mchana.

"Gari lao linaondoka saa tisa. Nipe picha safi, ama tuwasahau," Mureithi akaongeza.

Simu ikakatika.

Roseline alikuwa jasusi wa kitengo cha magendo ya wanyamapori. Kwa siku kumi na moja alikuwa amepanga chumba mtaani Kware, ghorofa ya saba, akijifanya mama wa kufulia watu nguo. Kwenye paa la jengo jirani, ng'ambo ya uchochoro mwembamba, palikuwa na banda la njiwa. Njiwa walikuwa wa kuzugia tu. Nyuma yao walifichwa kozi sita, ndege wawindaji walioibwa kwenye kituo cha kuzalisha ndege adimu. Mnunuzi alikuwa nchi za nje. Msafirishaji aliitwa Ryan, mgeni mwenye pasipoti tatu na hasira isiyopoa.

Kila kozi alikuwa na pete ya bati mguuni. Namba ya pete ndiyo ushahidi. Bila namba, hakimu wa mahakama ya Makadara hangetia saini hati ya upekuzi.

Na kulikuwa na Phares.

Phares ndiye aliyewalisha ndege hao, na ndiye aliyekipasha kitengo habari kwa siri. Juzi Ryan alikuwa ameanza kuuliza nani kwenye jengo anasema sana. Mwezi uliopita alimuuliza Seth, mwenzake Roseline, swali hilo hilo. Seth bado alikuwa hospitalini, taya limefungwa kwa waya.

Picha za asubuhi Roseline alizipiga kutoka jengo jingine la mbali, karibu mita mia mbili. Alivuta zoom ya lenzi ikaisha, akaendelea na ile ya kidijitali. Joto la mabati likaitetemesha hewa yote iliyokuwa katikati. Alichopata ni ukungu wenye mdomo.

Kosa lilikuwa lake. Ilibidi asogee.

Alitia kamera kwenye karatasi ya nailoni, akaizika chini ya nguo mbichi ndani ya beseni, akapanda ngazi hadi paa la jengo lake.

Gitonga, mlinzi wa Ryan, alikuwa kwenye paa la ng'ambo, ameketi juu ya kreti, panga magotini. Jana alikuwa amemwaga nguo za mpangaji mmoja uchochoroni kwa kuanika mchana. Alimuuliza Roseline kama hakusikia kuwa saa hizi paa halipandwi. Roseline akamwambia maji yalikuja yamechelewa. Gitonga akatema mate, akarudi kwenye simu yake.

Roseline alitundika blanketi kwenye kamba. Nyuma yake akaitoa kamera.

Canon ndogo, ya kuingia kiganjani. Zoom mara arobaini.

Aliilaza juu ya tangi la maji, fulana iliyokunjwa chini yake, lenzi ikichungulia ukingoni mwa blanketi. Viwiko akavibana mbavuni. Kasi, sehemu moja ya elfu ya sekunde. Picha mfululizo.

Mita kumi na tano hadi kwenye banda.

Akabonyeza kitufe nusu, kamera ilenge. Kamera ikashika waya wa banda, ndege akabaki ukungu. Akapunguza kisanduku cha kulengea kikawa kidogo kabisa, akakipitisha katikati ya tundu la waya. Akabonyeza nusu tena.

Jicho jeusi la kozi likatokea, kali kama sindano.

Lakini ndege alisimama kwa mguu mmoja. Ule wenye pete alikuwa ameukunja ndani ya manyoya ya tumbo.

Roseline akangoja.

Saa tisa kasoro robo. Chini, gari la mizigo likarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Phares akapanda hadi bandani na masanduku. Ryan akamfuata, akamkamata kola, akaanza kumuuliza jambo kwa sauti ya chini.

Hakukuwa na muda wa kungoja tena.

Roseline alilishika blanketi kwa mkono mmoja, akalikung'uta kwa nguvu zake zote.

Kozi akashtuka. Mguu ukashuka.

Gitonga naye akageuka.

Nusu. Taa ya kijani ya kamera ikawaka. Akazuia pumzi. Akabonyeza hadi mwisho.

Picha kumi na mbili.

Zilikuwa bado zinahamia kwenye simu, na kutoka hapo kwa Mureithi, Gitonga aliporuka uchochoro. Roseline alimmwagia beseni zima miguuni, nguo na maji ya sabuni. Mlinzi akateleza kwenye sabuni, akaanguka chali. Panga likaruka kando. Alipofumbua macho, bastola aina ya Ceska ilikuwa sikioni mwake.

"Madam, hujui unacheza na nani."

"Najua. Lala kifudifudi."

Sikioni, Mureithi akasoma polepole: "K, tisa, moja, nne, sifuri. Ni yenyewe. Hakimu anatia saini."

"Waambie vijana wapande. Ryan amemshika Phares."

Ryan alisikia viatu vya polisi kwenye ngazi kabla ya Roseline. Alimvuta Phares hadi ukingoni mwa paa, mkono umemkaba shingo. Ghorofa saba chini yao.

Roseline hangeweza kupiga risasi. Alijitokeza, akainua kamera ili Ryan aione.

"Uso wako na huo mkono wako viko Makadara tayari," alisema. "Mwachilie, utajibu kesi ya ndege. Mwangushe, utajibu ya mtu."

Ulikuwa uongo. Makadara palikuwa pamefika mguu wa kozi tu.

Ryan aliiangalia lenzi. Akaangalia chini. Kidole kimoja kimoja, mkono ukalegea.

Polisi wakamrukia.

Dakika ishirini baadaye Roseline alishuka hadi barabarani. Watu walikuwa wamejaa, na hawakuwa na furaha. Wengi walipata riziki yao kwa Ryan. Mama mmoja akamwita msaliti. Mwingine akamtemea mate karibu na viatu.

Phares alikuwa ndani ya lori la polisi, amefungwa pingu pamoja na Gitonga, mdomo unatoka damu. Hivyo ndivyo yeye na Roseline walivyokubaliana. Asiyefungwa ndiye angejulikana kuwa mpasha habari.

Alimtazama Roseline kwa macho ya mtu anayeomba neno moja tu.

Roseline akampita kama asiyemjua, akapinda kona ya kwanza, akaendelea kutembea.