Jogoo Kwenye Ubao Wetu

Jumatatu ya kwanza ya msimu wa pamba, mwaka 1995, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Asubuhi hiyo binti yangu Anyesi aliwasha moto kama kawaida kwenye kibanda chetu cha kahawa, karibu na lango la kinu cha pamba, hapa Bariadi. Ng'ambo ya barabara redio ikaanza kuimba. Mgahawa mpya uitwao Jogoo ulikuwa umefunguliwa, ukutani amechorwa jogoo mwekundu, yule yule wa migahawa yao ya Mwanza na Lamadi. Kila aliyeingia alipewa kahawa ya bure, na kikombe chenye jogoo akaenda nacho nyumbani. Nani angekataa?

Zamani, ushirika uliponunua pamba peke yake, wakulima wa Sapiwi walisubiri malipo kwenye benchi letu. Marehemu mke wangu, Maximiliana, aliwamiminia kahawa ya tangawizi huku akiwauliza habari za ng'ombe wao, kila mtu na wa kwake. Benchi lilijaa vicheko. Halafu wakubwa wakasema soko huria litamnufaisha kila mtu. Sisi likatuletea jogoo na benchi tupu.

Nilimwambia Anyesi kwamba tukiendelea kumwaga kahawa jioni, tutafunga kibanda, na sare yake ya darasa la sita itatoka wapi? Kesho yake nikamkuta amechora jogoo kwenye ubao wetu kwa udongo mwekundu, anawaambia wapita njia kwamba na sisi ni tawi la Jogoo.

Watu wakaja kweli, wakaulizia vikombe vya bure. Walipovikosa wakatuita matapeli, wakavuka barabara. Ndipo akafika mzee Jilala, mfugaji wa Sapiwi, mteja wetu tangu enzi za Maximiliana. Akautazama ubao, akakataa kuketi.

"Ng'wanone, mwanangu," akamwambia Anyesi, "ng'ombe wako ukimpiga chapa ya jirani, jioni atalala zizi la nani?"

"La jirani, babu."

"Sasa mbona unashangaa wateja wa mama yako wanavuka barabara?"

Anyesi alifuta ubao kwa kanga yake, machozi yakimlengalenga. Akaandika kwa mkaa: KWA MAXIMILIANA. Kisha akammiminia mzee kahawa.

"Babu, yule ng'ombe wako wa pembe moja ameshazaa?"

Jilala akaketi. "Hapo sasa nimefika kwenu. Jogoo anaita watu kwa kelele, mama yako aliwaita kwa kuwajua. Uza kwa jina lako, mjukuu wangu. La kuazima litakuumbua."

Wateja wakarudi mmoja mmoja. Si wote, lakini kahawa ya birika ikawa inaisha kabla ya jioni.

Kabla ya msimu kwisha, mabwana wa ofisi ya wilaya wakaamuru biashara zote za chakula ziondoke langoni, eti usafi. Tulihamia nyuma ya stendi, na watu wetu wakatufuata. Anyesi alibeba ubao kichwani, akageuka kutazama tulikotoka, akaniuliza swali ambalo mpaka leo sijapata mtu wa kulijibu:

"Baba, kama amri ni ya wote, mbona jogoo amebaki?"